Ali wa Uani

Shangazi hakuwahi kuvua tepu shingoni. Alikula nayo, alikwenda nayo sokoni, na akienda msibani aliificha chini ya mtandio, ncha moja ikimchungulia kifuani. Siku alipokwenda kupigwa picha ya kitambulisho, mpiga picha alimwomba aivue mara ya kwanza, akamwomba mara ya pili, na mara ya tatu Shangazi akamjibu, "Piga hivyo hivyo, baba. Ukinipiga bila tepu, hata mwenyewe sitajitambua." Ndivyo alivyotoka kwenye kitambulisho: mwanamke mwembamba mwenye macho ya kukadiria, amevaa namba shingoni kama mkufu.

Na kila jioni, akishafunika cherehani na kuokota kwa sumaku pini zilizoanguka sakafuni, alichukua kigoda chake akatoka uani kwenda kuzipima alizeti.

Zilikuwa saba kila msimu, haziongezeki wala hazipungui, zimepangwa kando ya ukuta wa nyuma kati ya bomba la maji na kamba ya kuanikia. Hazikuwa zile alizeti za kukamua mafuta, ambazo mtu mzima huzitazama usoni. Hizi zilikuwa majitu. Mabua yake yalikuwa manene kama kifundo cha mkono, majani mapana kama sinia, na ua likishafunguka lilikizidi upana kigoda alichosimamia. Shangazi alizilisha majivu ya tanuri la jirani, akazifunga kwenye miti ya kuegemea kwa vitambaa vya pindo, na mbegu zilipoanza kukomaa alivishonea vichwa vyake kofia za mabaki ya sare za shule ili ndege wasizidonoe. Mtu akipita njia ya nyuma aliona juu ya ukuta vichwa saba vya bluu vimeinama, kama wanafunzi waliopewa adhabu.

Tepu ya fundi mwisho wake ni inchi sitini. Alizeti ikishapita hapo, Shangazi aliipima kwa awamu: kutoka ardhini hadi tepu inapokoma, alama ya chaki kwenye bua, kisha kutoka kwenye chaki kwenda juu. Jumla aliiandika ukutani kwa chaki ile ile ya kuchorea nguo. Na ile iliyozizidi nyingine kwa kimo aliipa jina. Iliitwa Ali. "Ali ni jina lake," alisema, "Zeti ni la babake."

"Ali leo kaongeza inchi mbili na nusu!" alipiga kelele.

"Mwache mume wako apumue, Fundi!" alijibu Mama Chachu kutoka ng'ambo ya ukuta. Huyo ndiye jirani aliyeoka mikate na mwenye tanuri la majivu. "Kila siku kumpima, kila siku kumpima! Kwani anaoa?"

"Wivu tu. Wako hata shingo hana."

Katika nyumba hiyo ndimo alimoletwa mtoto wa kaka yake, akiwa na miaka sita. Mama wa mtoto alikuwa amefariki, na baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kulala leo huku na kesho kule. Alimshusha binti mlangoni pamoja na begi moja na nusu mkate. Shangazi hakusema pole wala karibu. Alimzungushia tepu kiunoni, akasoma, akaguna. "Inchi kumi na tisa! Kaka, hujaniletea mtoto, umeniletea pini." Jina likamganda hapo hapo. Hata leo, akiwa mwalimu wa miaka arobaini na mitatu mwenye miwani na wanafunzi wanaomwogopa, akisikia mtu anataja pini hugeuka.

Jioni ile ile ya kwanza Shangazi alimshika mkono akampeleka uani. "Huyu ni Ali. Msalimie."

Mtoto aliinua macho, akaona uso mkubwa wa njano ukimtazama kutoka juu. "Shikamoo, Ali."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia Shangazi kwa sauti nzito ya kiume, midomo haichezi.

Tangu siku hiyo Pini alimwamkia Ali kila asubuhi, akamnywesha maji yaliyooshewa vyombo, akamsimulia mambo ya shule. Alijua kwamba Ali ni ua. Hakuna aliyemdanganya. Ila hakujua kuwa duniani kuna watu wasiojua hivyo.

Nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, juu ya msumari, lilikuwa likining'inia koti la kijivu lililofunikwa shuka. Lilikuwa refu ajabu. Mikono yake ilishuka chini hata Pini akisimama kando yake iligusa sikio lake. "La mteja," aliambiwa. "Usiliguse." Zaidi ya hapo hakuambiwa kitu. Habari za koti alikuja kuzipata baadaye, akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, vipande viwili vitatu kwa Shangazi na gunia zima kwa Mama Chachu.

Mwenye koti alikuwa mpima ardhi. Alikuja mwaka mmoja kabla ya Pini, wakati barabara kubwa ilipokuwa ikipimwa, na mtaa mzima ulimwita Mrefu kwa sababu hapakuwa na haja ya kutafuta jina jingine. Alipita milango kwa kuinama. Mateso yake makubwa yalikuwa mikono: hakuna shati dukani lililomfika, na kila fundi aliyemshonea alikadiria mikono ya binadamu wa kawaida, basi siku zote vifundo vyake vilikuwa nje kama vya mtoto aliyekua ghafla. Aliingia kwa Shangazi kuomba pindo za mikono zifunguliwe. Shangazi alimsimamisha wima, akampima kimo, tepu ikakoma akiwa bado hajafika mabegani.

"Mwaka wa kumi na moja nashona," alisema, "wewe ndiye wa kwanza kunimalizia tepu."

"Weka alama uendelee," alisema Mrefu. "Ndivyo tunavyofanya barabarani."

Wote wawili walikuwa watu wa kupima, na mazungumzo yao yakawa hayo. Yeye aliulizia mabega na viuno, Shangazi aliulizia milima na mito, eti inapimwaje. Kwa mujibu wa Mama Chachu, Mrefu alipimwa mara nyingi kuliko mteja yeyote katika historia ya ushonaji. "Shati moja, vipimo sita! Nikamwuliza Fundi, vipi, huyu mtu anabadilika kila siku?" Shati lilipokwisha, mikono ilifika. Ilifika pale pale inapotakiwa, kwenye kiungo cha kiganja, haikuzidi wala kupungua. Mrefu alisimama mbele ya kioo akitazama vifundo vyake vilivyofunikwa.

Kisha akaagiza koti. Kabla halijakwisha, kikosi cha wapima barabara kilihamishiwa mbele, siku nne za safari. Alikuja kuaga na mbegu saba kwenye karatasi, kubwa, zenye milia, alizopewa na mkulima mmoja huko alikopita. "Zipande," alimwambia. "Zikifika kimo changu, nitakuwa nimerudi kuchukua koti. Na kuzungumza yaliyobaki."

Shangazi alizipanda. Zilifika kimo chake katika mwezi wa tatu. Zikampita. Shangazi alikwenda hadi ofisi ya barabara, akaambiwa kikosi kimegawanywa na karatasi hazisemi nani yuko wapi. Akarudi, akakausha mbegu, akapanda tena. Ndiyo maana alipima kila jioni. Alikuwa akimsubiri mtu, na saa yake ilikuwa lile bua.

Msimu huo wa pili Pini alikuwa ametimiza miaka saba. Ilikuwa alasiri, Shangazi ametoka kununua vifungo, na Pini amekaa kizingitini akitenganisha pini zenye kutu na zilizo nzima. Kivuli kilimfunika. Alipoinua macho aliona mwanamume mrefu, amesimama kwa kuegemea mguu mmoja, mwenye shati ambalo mikono yake iliishia njiani.

"Hujambo, mama. Fundi yupo?"

"Kaenda kununua vifungo. Atarudi."

Mtu yule aliinama akachungulia ndani. Aliona cherehani, aliona kitanda cha mtoto. "Mnaishi wawili hapa?"

"Watatu. Mimi, Shangazi na Ali."

"Ali ni nani?"

Pini aliona hilo ni swali la ajabu, kama mtu kuuliza bomba ni nani. "Ali ni Ali," alisema. "Ni mrefu. Anakupita wewe."

Mgeni alicheka kidogo. "Mimi? Umejuaje?"

"Shangazi kampima jana. Anampima kila jioni."

Kicheko kilimwishia usoni. "Kila jioni," alirudia, taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mimi nimekuja nimemkuta."

"Na Shangazi anampenda?"

"Sana! Mpaka amemshonea kofia." Pini aliona mgeni hana furaha, akataka kumfurahisha. "Yuko uani. Twende nikakuonyeshe."

"Hapana, mama. Nisimsumbue."

Alisogea mlangoni, akafunua shuka, akaushika mkono wa koti kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Akausogeza kando ya mkono wake mwenyewe, akaona unafika. Akauachia. "Hili koti mpeni Ali," alisema. "Litamfaa." Kisha akachuchumaa kwa shida, mguu mmoja akiunyoosha pembeni, hadi macho yao yakalingana. "Usimwambie Shangazi kwamba nilikuja. Unajua kutunza siri?"

"Najua."

"Nilijua unajua."

Akaondoka akichechemea. Pini alimtazama hadi kona, vifundo vyake vikining'inia nje ya shati.

Pini alikuwa mtoto mtiifu, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Alipanda kigoda, akalishusha koti msumarini, akaliburuta hadi uani, akapanda tena kigoda na kumvisha Ali. Majani mapana aliyaingiza mikononi, moja huku na moja kule. Ali alipendeza kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha koti likamwelemea, bua likalia kama kuni inayovunjwa gotini, na Ali akaanguka kifudifudi kwenye tope la bomba, koti na yote.

Shangazi alimkuta mtoto amesimama hapo.

"Nani amekwambia uliguse?"

Mtoto aliinama akatazama tope.

"Pini! Nani amekwambia?"

"Nilitaka kumpa Ali," alisema mtoto, na hilo halikuwa uongo.

Shangazi alivuta tepu shingoni akamchapa nayo bila kuivua, mara mbili tatu. Tepu haiumi. Kilichomliza Pini ni kumwona Shangazi baada ya hapo akikaa chini kwenye tope, sketi na vifungo vipya vyote, akilifuta lile koti kwa kiganja kana kwamba linapumua. Alilifua jioni ile, akalipiga pasi kesho yake, akalirudisha msumarini. Siri ikabaki mdomoni mwa mtoto. Mwanzo kwa sababu aliahidi, kisha kwa sababu alichapwa, kisha kwa sababu aliisahau.

Miaka ilikwenda. Shangazi alishona sare za watoto, halafu sare za watoto wa watoto hao. Mwuza vitambaa mmoja aliyefiwa na mkewe, mwenye heshima zake, alituma watu kuja kuposa. Shangazi aliwakaribisha vizuri, akawapa chai, akawajibu, "Mwambieni nimeshachukua oda." Walipotoka, Mama Chachu aliupanda ukuta karibu aruke. "Oda gani, wewe? Oda ya miaka kumi? Nguo hiyo ishaliwa na nondo!"

"Napiga pasi kila Ijumaa. Nondo gani atavumilia pasi?"

Kila msimu mbegu saba ziliingia ardhini. Kipindi cha maua Shangazi hakusafiri kabisa, wala hakufunga mlango wa mbele hadi giza liingie. Kazi ilipokuwa nyingi, aliweza kusimamisha mguu kwenye cherehani ghafla, akasikiliza hatua za mtu njiani. Hatua zikipita, mguu uliendelea.

Pini alipata nafasi ya chuo cha ualimu, mbali, na Shangazi akamwandikia barua kila mwezi kwa mwandiko wake mwembamba kama mshono wa mkono. Mwaka wa pili, barua moja ilifika akiwa bafuni, na mwenzake wa chumba aliisoma bila haya, maana huko chuoni barua ya mmoja ilikuwa ya wote.

"Hongereni!" alimwambia Pini alipotoka. "Kumbe shangazi yako ameolewa?"

"Nani kakudanganya?"

"Si hapa: 'Ali hajambo, anakusalimu. Siku hizi amekuwa faraja yangu ya jioni.' Mambo hayo!"

Pini alicheka akakaa kitandani. Alicheka hadi taulo likamfunguka. "Ali si mtu! Ali ni ua! Ni alizeti ya uani!"

"Mimi ningejuaje?" alisema mwenzake, naye anacheka. "Mtu akisema Ali, mimi naona mwanamume."

Kicheko cha Pini kilikatika kama uzi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tatu alimwona tena yule mtu mlangoni, ameegemea mguu mmoja, akiuliza, "Tangu lini?" Akasikia sauti yake mwenyewe ya kitoto ikijibu, neno kwa neno. Anampima kila jioni. Mimi nimekuja nimemkuta. Sana. Mwenzake alimwuliza kama anaumwa. Pini alisema tumbo.

Likizo iliyofuata alifika nyumbani amepiga moyo konde. Alimkuta Shangazi juu ya kigoda, chaki sikioni.

"Shangazi, nina neno."

"La kucheka au la kulia? Kama la kulia, ngoja nishuke nisije nikavunjika."

Shangazi alishuka, akapangusa mikono, akamtazama kwa macho yale ya kukadiria. Na Pini akaona uso wa mtu aliyekaa tayari kupokea chochote, mradi si hicho alichokuja nacho. Akisema, atamwambia mwanamke huyu kwamba aliyemsubiri alikwisha kuja, akasimama mlangoni pake, akafukuzwa na mtoto aliyemlea mwenyewe. Asiposema, atamwacha aendelee kupanda mbegu kila msimu kwa ajili ya hatua zilizokwisha kupita.

"Nimefeli somo moja," alisema. Alikuwa hajafeli.

"Hilo tu? Utarudia. Mimi nimeharibu suruali ngapi?"

Alijaribu tena mwaka uliofuata, na mwingine. Kila mara aliishia kusema jingine. Alitafuta njia nyingine: aliandika barua kwenye ofisi za barabara, akauliza kuhusu mpima ardhi mrefu mwenye mguu mbovu wa kulia. Ofisi moja ilijibu kuwa haina kumbukumbu za zamani hivyo. Nyingine hazikujibu. Aliajiriwa, akaolewa, akapata watoto wawili waliomwita Shangazi "Bibi Tepu". Kabla ya hayo yote, siku ya mahafali yake ya chuo, Shangazi hakuja. Ilikuwa mwezi wa maua. "Nisamehe, mwanangu," alisema kwenye simu ya Mama Chachu. "Lakini je, akija akakuta mlango umefungwa?" Pini alikuwa amevaa joho alilokodi, lililompwaya mabegani, akajua kwamba hana haki ya kukasirika. Akakasirika hata hivyo. Kisha akalia chooni, kwa ajili ya mambo yote mawili.

Macho ya Shangazi yalianza kumsaliti kwanza. Alihitaji mtu wa kumtungia uzi sindanoni. Halafu vidole, halafu miguu, na mwishowe moyo wenyewe, ambao daktari alisema umechoka. Mama Chachu, naye akitembea kwa fimbo, ndiye aliyepiga simu. "Njoo, Pini. Shangazi yako ananiamuru mimi nikapande kigoda. Mimi! Nikianguka mtatuzika wawili."

Pini alifika saa kumi alasiri. Shangazi alikuwa amelazwa katika chumba cha kushonea, kitanda kimesogezwa dirishani ili aone uani. Amekwisha, mdogo kama mto. Tepu ipo shingoni. Nyuma ya mlango koti lipo, shuka lake jeupe.

"Umenenepa," alisema Shangazi. "Kiuno thelathini na sita."

"Thelathini na nne, Shangazi."

"Jidanganye. Haya, nenda kampime. Nina siku tano sijui kafika wapi."

Pini alinyoosha mkono kuipokea tepu. Shangazi akaikinga. "Chukua ya kwenye mtoto wa meza. Hii imezoea shingo."

Akatoka. Jua lilikuwa upande wa ukuta, na vichwa saba vilikuwa vimeinama, bado havijavishwa kofia, maana mshonaji alikuwa kitandani. Alipanda kigoda, akapima, akaweka alama, akapima tena. Alipofika juu ilibidi anyooshe mkono. Ua lilikuwa kubwa kuliko uso wake, mbegu zimejipanga zikizunguka kama mshono usio na mwanzo. Alikumbuka majani mawili ndani ya mikono ya koti. Akakaa juu ya kigoda hapo hapo, tepu mkononi, akajua kwamba hatasafiri tena na neno hili.

"Kimo?" aliita Shangazi kutoka dirishani.

"Futi nane na inchi mbili!"

"Ehee! Huyo ndiye Ali!"

Aliingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuanza kwa kuzunguka.

"Shangazi. Mrefu alikuja."

Mkono wa Shangazi ulioshika ncha ya tepu ulitulia. "Lini?"

"Mwaka ule nilipomvisha Ali koti. Siku ile ile. Ulikuwa umekwenda kununua vifungo."

Akamweleza yote. Hakuacha neno hata moja, maana tangu yamrudie kule chuoni hakuwa amesahau hata moja: swali na jibu, swali na jibu, hadi ile siri na ile kona. Shangazi alisikiliza akitazama uani. Pini alisubiri chochote, laana, kilio, au kugeuziwa mgongo.

"Ulimwambia Ali anampita kimo?"

"Ndiyo."

"Na kwamba nampima kila jioni."

"Ndiyo, Shangazi."

"Naye akaamini."

Kitanda kilianza kutikisika. Pini alifikiri ni moyo, akashtuka, akamshika bega. Kumbe Shangazi anacheka. "Jamani!" alisema, akitafuta pumzi. "Mwanamume mzima, kapita milima na mito, kakimbizwa na ua!" Akacheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakutaka tena kuwa ya kicheko. Aliyafuta kwa ncha ya tepu. "Kwa hiyo alikuja," alisema. "Miaka yote hii mimi najiambia, hakuja. Kumbe alikuja."

"Nisamehe."

"Ulikuwa mtoto. Na nilikuchapa bure siku ile. Hilo nisamehe wewe." Akageukia dirisha. "Kwa nini alichelewa, hakusema?"

"Hakusema. Lakini alikuwa akichechemea. Mguu wa kulia."

"Aa," alisema Shangazi, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. "Aa. Mguu."

Wakakaa hivyo, mkono kwa mkono. Nje Mama Chachu alikuwa akimfokea mtu kuhusu unga. Pini ilimbidi kuondoka alfajiri kuwahi basi, mitihani ya shule ikimsubiri, na alipochungulia chumbani alimkuta Shangazi amelala usingizi mzuri, tepu ikipanda na kushuka kwa pumzi zake. Hakumwamsha. Siku ya nne simu ikaja. Kwa hiyo mazungumzo ya jioni ile ndiyo yaliyokuwa ya mwisho, na baada ya habari ya mguu yalibaki maneno machache tu. Shangazi alikuwa amefumba macho, Pini akadhani amesinzia. Kumbe bado alikuwa mlangoni na mgeni wake.

"Pini."

"Abee, Shangazi."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati. Jeupe, nadhani, limefubaa."

"Mikono yake je?"

Pini alikumbuka vile vifundo kwenye kona. Akajishika mkono wake mwenyewe, juu kabisa ya kiungo, akamwonyesha.

"Haikumfika. Iliishia hapa."

Shangazi alifungua macho, akautazama mkono ule kwa muda, akikadiria. Kisha akatabasamu.

"Basi hakuwa amepata fundi mwingine."